Ilijiita kworker, nami nikaiamini

Wiki tatu kabla ya Ramadhani, kijana wetu mmoja alinipigia simu baada ya Isha. Ni mtoto wa ndugu yangu, ndiye anayetunza kompyuta za duka moja la jumla hapa mjini, nami humsaidia anapokwama.

"Ami, mashine hini yaenda pole sana," akaniambia. "Karani abonyeza risiti, yangoja mpaka mteja aanza kunung'unika."

Nikamwambia afungue top, ile amri ya Linux inayoonyesha programu zinazofanya kazi wakati huo, kila moja na kiasi cha nguvu inachokula. Anisomee jina la mstari wa kwanza tu. Akasoma: "kworker."

Nilikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi na nusu ya akili yangu kwenye mazungumzo ya wenzangu. Nikamjibu kwa uhakika wa mtu mwenye diploma: "Huyo ni mfanyakazi wa kerneli, kiini cha mfumo wenyewe. Usimguse. Pengine diski yaanza kuchoka, nitakuja kuitazama."

Sikwenda mpaka baada ya siku kumi na tisa. Siku zote hizo duka liliuza sukari, mchele na tende kwa foleni za kukera, feni ya mashine ikilia usiku na mchana, na ndani yake akiwa amekaa mgeni ambaye mimi ndiye niliyemtetea. Nimeona niandike habari hii kwa sababu najua hapa Pwani wako vijana wengi wanaotunza kompyuta za maduka, madrasa, zahanati na vyama vya akiba kwa elimu ya kujifunzia kazini. Kosa langu wanaweza kulifanya kesho.

Tuanze na hilo jina lenyewe. Programu ikiwa imelala kwenye diski ni faili tu, kama kitabu rafuni. Ukiianzisha inakuwa kitu kinachoishi: ina memori yake, ina mtumiaji aliyeianzisha, ina mzazi aliyeizaa, na ina namba. Kitu hicho ndicho kinachoitwa mchakato, na namba yake huitwa PID. Kerneli ndiyo inayogawa namba hizo. Jina nalo? Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani jina linaloonekana kwenye orodha limeandikwa na kerneli baada ya kukagua kilichomo ndani. Sivyo. Kwa sehemu kubwa, mchakato wenyewe ndio unaosema jina lake, na orodha inarudia ilichoambiwa.

Fikiria tuktuk zetu. Nyuma ya tuktuk kuna jina lililopakwa rangi, pengine la timu ya mpira, pengine la mtoto wa mwenye chombo. Jina hilo dereva anaweza kulifuta leo jioni na kesho asubuhi akaja na lingine. Halafu kuna namba ya usajili, ambayo hakujichagulia. Na kuna namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Mimi usiku ule nilisomewa jina la nyuma, nikatoa hukumu kama mtu aliyekagua chesisi.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, kwenye kompyuta yako mwenyewe yenye Linux fungua bash uandike mstari huu:

(exec -a mpishi-wa-pilau sleep 600) &

Sasa andika ps -f. Utaona kwenye orodha "mpishi-wa-pilau 600". Hakuna programu ya jina hilo duniani. Iliyopo ni sleep, programu ndogo ambayo kazi yake ni kungoja sekunde ulizoitajia. Kilichotokea ni kwamba kila programu inapoanzishwa hukabidhiwa orodha ya maneno, na neno la kwanza kwa desturi ni jina lake. Ni desturi tu. Anayeianzisha anaweza kuweka neno lolote pale, na exec -a ndiyo njia ya bash ya kufanya hivyo. Mfumo wenyewe umetumia nafasi hiyo kwa shughuli zake tangu zamani. Ukiingia kwenye seva ukaona sheli yako imeandikwa -bash, yenye kistari mbele, kistari hicho ni ishara ya kuiambia kwamba imeanzishwa na mtu aliyeingia sasa hivi, kwa hiyo isome mipangilio ya kuingilia.

Sasa, kwenye dirisha lile lile, andika ps peke yake bila herufi nyingine. Mpishi ametoweka! Utaona sleep. Mchakato ni mmoja, namba ni moja, majina mawili. Sababu ni kwamba Linux huweka jina mahali pawili. Kuna jina fupi, liitwalo comm, ambalo kerneli hulichukua kutoka kwenye jina la faili lililoendeshwa, na hulihifadhi kwa herufi 15 tu. Na kuna mstari mzima wa amri, liitwalo cmdline, yaani yale maneno niliyoyataja. Amri ya ps peke yake husoma la kwanza, ps -f na ps aux husoma la pili. Ndani ya top ukibonyeza herufi c unahama kutoka moja kwenda jingine.

Hizo herufi 15 nazo zina vituko vyake. Kijana akiandika programu akaiita mhasibu-wa-duka-la-jumla, na nyingine mhasibu-wa-duka-la-rejareja, jina fupi la zote mbili litakatwa liwe mhasibu-wa-duka. Akitumia pkill na jina refu ili aizime moja, hapati kitu, kwa sababu pkill hutazama jina fupi mpaka uiongezee -f. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa jambo hilo.

Turudi kwenye kubadilisha. Mfano wa mpishi ulibadilisha jina mwanzoni, kabla programu haijaanza. Lakini mchakato unaweza kujibadilisha hata ukiwa katikati ya kazi. Lile jina fupi hubadilishwa kwa kuiomba kerneli, kupitia wito uitwao prctl na ombi la PR_SET_NAME, lililokuwepo tangu Linux 2.6.9. Mstari mzima wa amri ni rahisi zaidi: maneno yale yamewekwa ndani ya memori ya mchakato wenyewe. Unapoandika ps -f, kerneli huenda kuyasoma humo humo wakati huo. Na mwenye memori anaweza kuandika juu yake atakavyo, haombi ruhusa kwa yeyote.

Usifikiri huu ni mlango uliosahauliwa wazi. Unatumika kwa kheri kila siku. sendmail, programu kongwe ya barua pepe ya Eric Allman, ilizoea kujiandika kwenye orodha inashughulikia barua gani na inaongea na seva gani, ili msimamizi ajue bila kuuliza. nginx hujigawa majina mawili, bwana mkubwa na wafanyakazi wake, na ukitaka kuisimamisha kwa taratibu unajua umwambie nani. Kwenye simu za Android, mchakato mmoja uitwao zygote ndio unaozaa programu zote unazozifungua, na kila mtoto hupewa jina la programu yake baada ya kuzaliwa. Bila hivyo orodha ingejaa zygote, zygote, zygote.

Na duka lile lile liliwahi kuokolewa na desturi hii. Mauzo yao yamo ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, na PostgreSQL ina tabia nzuri ya kuandika kwenye kila mchakato wake ni mtumiaji gani, hifadhidata gani, kutoka anwani gani, na anafanya nini. Mwaka jana kaunta zote zilikwama. Nilipotazama ps nikaona mistari kadhaa ya UPDATE yenye neno waiting, na mmoja umeandikwa idle in transaction, pamoja na anwani ya kompyuta ya kaunta ya mwisho. Maana yake: karani alianza kubadilisha bei, hakumaliza, akaenda kuswali Adhuhuri huku amelishika daftari. Tukamaliza kazi kwa dakika tano. Hapo jina lilisema kweli, na liliandikwa na programu yenyewe.

Njia inayomfanya karani wa PostgreSQL aseme kweli ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia mgeni wetu kusema uongo.

Nilipokwenda dukani hatimaye, niliketi mbele ya ile mashine, na safari hii nikasoma mstari wote. Jina lilikuwa kworker kweli. Nikabonyeza c, likawa kworker ndani ya mabano ya mraba. Mabano hayo ndiyo yanayowapumbaza wengi. Michakato ya kerneli haina mstari wa amri, na ps inapokuta mstari mtupu huchukua jina fupi na kulifunga kwa mabano. Kwa hiyo tumezoea: chenye mabano ni cha kerneli. Lakini mabano ni herufi kama herufi nyingine. Mchakato unaweza kujiandika nayo.

Nguzo nyingine za mstari ule ndizo zilizonitoa jasho. Mtumiaji hakuwa root, alikuwa ni mtumiaji wa kawaida tuliyemfungulia duka kwa ajili ya kuhamisha mafaili. Kerneli haifanyi kazi kwa jina la mtumiaji wa duka. Memori iliyotumika ilikuwa zaidi ya gigabaiti mbili, ilhali kworker wa kweli huonyesha sifuri, maana hana memori ya upande wa programu za kawaida. Na matumizi ya prosesa yalikuwa karibu asilimia 390. Mashine ina koa nne. Kworker mmoja ni uzi mmoja, na uzi mmoja hauwezi kupita asilimia 100 kwenye top. Kijana wangu alikuwa na tarakimu zote hizi mbele yake siku ile ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia anisomee jina tu.

Nikatazama mzazi, kwa ps -eo pid,ppid,user,comm,args. Michakato ya kerneli kwenye Linux yote huzaliwa na kthreadd, ambaye namba yake ni 2. Mzazi wa huyu alikuwa 1. Hiyo ndiyo hali ya mchakato ambao aliyeuzaa amekufa, ukawa yatima, ukalelewa na mchakato wa kwanza wa mfumo. Mara nyingi si jambo baya, huduma nyingi halali zina mzazi 1. Ila kworker hana njia ya kufika huko.

Mwisho nikauliza chesisi. Ndani ya folda ya /proc kila mchakato una folda yake yenye namba yake, na humo kuna kiungo kiitwacho exe kinachoelekeza kwenye faili lililoendeshwa hasa. Kiungo hiki kerneli ndiyo inayokitunza, na mtumiaji wa kawaida hawezi kukipaka rangi. Andika sudo readlink /proc/ ikifuatwa na namba ya mchakato na /exe. Ukiuliza kuhusu kworker wa kweli hupati kitu, kwa sababu hakuna faili nyuma yake. Mimi nilipata jibu: faili ndani ya /dev/shm, lenye neno deleted mwishoni. Folda hiyo iko kwenye memori, haiko kwenye diski. Maana yake programu iliwekwa huko, ikaanzishwa, kisha faili likafutwa, mchakato ukabaki unaendelea. Ungepekua diski nzima usingelikuta.

Ilikuwa ni programu ya kuchimba sarafu ya Monero. Uchimbaji wa sarafu hiyo umetengenezwa utumie prosesa za kawaida na memori nyingi, ndiyo maana wezi wanapenda kompyuta za watu kama sisi: umeme unalipa wewe, sarafu zinakwenda kwao. Waliingia kupitia SSH, mlango wa kuingilia kwa mbali, kwa yule mtumiaji wa duka ambaye neno lake la siri lilikuwa... jina la duka. Sitasema nani aliliweka. Msomaji mwerevu amekwishajua.

Nilichomoa waya wa mtandao kwanza. Kisha nikachukua nakala ya programu kwa cp kutoka kwenye kile kiungo cha exe, kwani hata faili likiwa limefutwa, kiungo hicho bado kinakupa yaliyomo maadamu mchakato uko hai. Ndipo nikaua. Baada ya dakika moja kikarudi, na namba mpya. Kilikuwa na mstari kwenye crontab ya yule mtumiaji, unaojaribu kukianzisha kila dakika.

Mwenye duka, mzee wetu wa heshima, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Fundi," akaniuliza, "mwizi yumo ndani wiki tatu na wewe wamwita mfanyakazi?" Sikuwa na jibu.

Lililonitisha zaidi si umeme. Nilipokuwa nikitazama orodha, kazi ya saa tatu usiku ya kunakili hifadhidata ilianza, na mstari wake wa amri ukatokea kwenye ps: pg_dump, ikifuatiwa na anwani ya hifadhidata, na ndani ya anwani hiyo neno la siri lote, herufi kwa herufi. Kwenye Linux, isipokuwa msimamizi amezuia, mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kusoma mistari ya amri ya wenzake. Kwa hiyo mgeni wetu, kila usiku saa tatu, alikuwa na nafasi ya kusoma ufunguo wa daftari lote la madeni. Daftari lile lina majina ya watu, nani anadaiwa nini, nani amechukua mchele wa arusi na bado hajalipa. Sikuona dalili kwamba aliutumia. Lakini kutoona dalili si ushahidi.

Hapa ndipo kubadilisha jina kunakuwa ni ulinzi. Programu ya mysql, kwa mfano, ukiipa neno la siri kwenye mstari wa amri, huliandika juu mara inapoanza ili lisionekane kwenye orodha. Ila kuna mwanya wa muda mfupi kabla haijalifuta, na pg_dump haifanyi hivyo kabisa. Dawa ni kutoliweka hapo tangu mwanzo. PostgreSQL ina faili liitwalo .pgpass, linalowekwa kwenye folda ya mtumiaji na kufungwa kwa chmod 600, programu hulisoma humo. Pia folda ya /proc inaweza kupachikwa na hidepid=2, ili kila mtumiaji aone michakato yake tu. Siku hizi nafanya yote mawili.

Mashine ile hatukuisafisha, tuliifuta yote tukaiweka upya, tukarudisha hifadhidata kutoka kwenye nakala, tukabadilisha maneno ya siri yote na kufunga SSH kwa nje. Kijana aliona nazidisha, kwani programu tumekwisha kuiona na kuiua. Nikamweleza kwamba vipimo vyote nilivyomwonyesha vinafaa kwa mwizi aliyekaa kama mtumiaji wa kawaida. Aliyefika kuwa root anaweza kubadilisha hata ps yenyewe ili isimtaje. Hapo hakuna cha kukagua kutoka ndani.

Wala hatukuwa wa kwanza. Programu ya wezi iitwayo kdevtmpfsi imewasumbua wasimamizi wa seva miaka hii, na jina lake limetofautiana kwa herufi moja tu na kdevtmpfs, mchakato halali wa kerneli. Mwaka 2022 watafiti wa usalama walieleza hadharani kuhusu BPFDoor, mlango wa siri uliokutwa kwenye seva za Linux, zikiwemo za makampuni ya simu ya Asia na Mashariki ya Kati. Ulijinakili ndani ya /dev/shm, ukajifuta, halafu ukachagua jina kutoka kwenye orodha ya majina kama kumi ya huduma za kawaida. Waliodanganywa pale walikuwa wahandisi wenye shahada, nasema hivi kujifariji.

Kwa wenye Windows, hadithi ni jamaa. Pale wezi hupenda jina la svchost.exe, kwa kuwa wa halali wako kwa makumi na hakuna anayewahesabu. Katika orodha ya Task Manager bofya jina kwa kitufe cha kulia, kisha uchague kufungua mahali faili lilipo. Wa kweli anakaa C:\Windows\System32. Ukimkuta kwenye folda ya Downloads au ya muda, huyo ni mwingine.

Yule kijana sasa amebandika karatasi ukutani juu ya mashine, kwa mkono wake: mtumiaji, mzazi, memori, exe. Jina hakuliandika. Juma lililopita akanipigia tena, baada ya Isha vilevile. "Ami, kworker yuko juu."

Nikaweka kikombe chini. "Soma."

"Mtumiaji root. Mzazi 2. Memori sifuri. Exe haina kitu. Asilimia 40."

Alikuwa wa kweli. Walikuwa wamechomeka diski ya nje ya USB kunakili picha za bidhaa, na kerneli ilikuwa inahangaika nayo. Ilipomaliza ikatulia yenyewe.